Gari Lisipokuja, Nani Atujibu?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka, Lumakanda

Jambo tulilopewa kulizungumza ni usafiri wa watu wote, na hasa swali hili: usafiri unapokatika, ni nani apaswaye kutujibu?

Huenda wengine wakajiuliza chama cha ustawi kinahusika vipi na mambo ya magari. Chama chetu kiliundwa kumsaidia mgonjwa, kumfariji mfiwa, na kumwinua mtoto wa shule aliyekosa karo. Maneno hayo ni ya kweli, na kwa sababu hiyo twaomba tuanzie katika daftari la mweka hazina.

Mwenye kulifungua daftari hilo ataona kwamba tunapochanga kwa ajili ya mgonjwa aliyelazwa Eldoret au Kakamega, fungu kubwa la mchango halifiki kwa daktari wala kwa muuza dawa. Huishia mlangoni mwa gari. Tunapochanga kwa ajili ya mazishi ya mwenzetu aliyefia Nairobi, nauli ya jamaa hula karibu kila kitu kabla jeneza halijanunuliwa. Fedha hizo ni za wajane, za wauza maziwa, na za wakulima waliotoa mahindi yao ghalani kabla ya wakati. Basi kila nauli ipandayo bila sababu, na kila siku ambayo magari hayatoki bila taarifa, ni mkono uingiao katika kisanduku chetu.

Wengi wetu twaikumbuka asubuhi moja ya mgomo wa magari. Mama mmoja wa hapa kwetu, ambaye hatutamtaja jina, alikuwa na siku yake ya kuonana na daktari mjini Eldoret. Alisimama kando ya njia tangu alfajiri akiwa na barua yake mkononi. Jua lilipopanda akapanda pikipiki hadi barabara kuu, kwa nauli mara tatu ya ile ya kila siku. Huko akapata lori, akaketi juu ya magunia. Alipofika kliniki ilikuwa imekwisha kufungwa, naye akapewa tarehe nyingine ya mbali. Sisi tulipouliza, dereva alisema tumwulize mwenye gari. Mwenye gari akasema tukiulize chama cha wenye magari. Chama kikasema tuwaulize maofisa. Na maofisa wakasema agizo limetoka Nairobi. Swali letu lilizungushwa kama mpira wa watoto, kila mmoja akiupiga teke usikae miguuni pake.

Wazee wetu, si kwamba jambo hili halikuwa na mwenyewe tangu zamani. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikashuka kupita Turbo na Webuye, mahali palipoitwa Broderick Falls siku zile, ikaendelea hadi Uganda, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Hatusemi hivi kuusifu ukoloni. Reli ile ilijengwa kwanza kwa ajili ya mazao ya wageni. Mwafrika alipandishwa daraja la tatu. Na ardhi hii tunayokaa leo ilihesabiwa kuwa ya walowezi mpaka mipango ya makazi ya miaka ya 1960 ilipowapa wazazi wetu mashamba. Lakini pamoja na dhuluma hiyo yote, reli ilikuwa na jambo moja ambalo yatupasa kulikumbuka: ilikuwa na ratiba iliyopigwa chapa, na katika kila stesheni alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujibu.

Ratiba ni ahadi iliyoandikwa. Abiria aliweza kusema kwamba gari limechelewa, kwa kuwa alijua lilipaswa kufika saa ngapi. Gari letu la leo haliwezi kuitwa limechelewa, maana halikuahidi saa yo yote. Wala nauli haiwezi kuitwa imezidi, maana haikuandikwa mahali po pote. Pasipo ahadi hapana wa kudaiwa. Hilo ndilo shina la mambo tutakayoyasema.

Tutazame jinsi ahadi ilivyopotea. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 sheria ya Kenya ikaliunda Shirika la Reli la nchi yetu peke yake. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ukakabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo ukakatishwa mwaka 2017, hata nusu ya muda wake haijafika. Katika mwaka uo huo wa 2017, tarehe 31 Mei, reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa kwa shangwe, na wenzetu wa Kisumu waliliona gari lao la abiria likirudi mwezi Desemba 2021. Twafurahi pamoja nao. Lakini katika stesheni za upande wetu, magari ya mizigo yalipita miaka mingi pasipo abiria kupanda wala kushuka, na hatukumbuki siku ambayo ofisa alikuja hapa, akasimama mbele ya baraza, akasema: huduma hii tunaiondoa, sababu ni hizi, na badala yake mtapata hiki. Iliondoka kama mgeni asiyeaga.

Upande wa barabara nako, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliamuru kwamba matatu ziruhusiwe kuchukua abiria bila leseni iliyotakiwa wakati ule. Jina lenyewe lasemekana kutoka katika nauli ya mapeni matatu. Agizo lile lilikuwa jema kwa watu wengi: liliwapa vijana kazi na likafikisha gari mahali ambapo basi halikufika. Lakini ruhusa ni jambo moja na ulinzi ni jambo jingine. Serikali ilifungua mlango, kisha kwa miaka mingi haikusimama mlangoni. Mwaka 1986 ikaanzisha mabasi yake yenyewe, yale ya Nyayo, na watu wakafurahia nauli nafuu. Katika miaka ya 1990 mabasi hayo yakaporomoka, na mwananchi aliyeyalipia kwa kodi akabaki kuyatazama mabati yake.

Hata hivyo tusiseme kwamba serikali haiwezi. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni za kuwataka wenye magari waweke vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, na idadi ya abiria isiyopita viti. Zilipoanza kutumika mwezi Februari 2004, magari mengi hayakutoka, na watu wakatembea kwa miguu. Lakini Waziri hakurudi nyuma, na baada ya muda kila abiria akaketi kitini pake. Somo hapa ni mambo mawili. Kwanza, serikali ikitaka, yaweza. Pili, hata agizo jema humwumiza mnyonge ikiwa siku ya kulitekeleza hakuwekewa njia nyingine. Mwezi Novemba 2018 serikali iliposhika tena kanuni zile zile, watu walitembea tena. Miaka 14 ilikuwa imepita, na bado abiria hakuwa na njia ya pili.

Katika mwaka uo huo wa 2018, alfajiri ya tarehe 10 Oktoba, basi lililotoka Nairobi kuelekea huku kwetu Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan, wakafa watu zaidi ya 50. Polisi walisema basi lile halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Wazee wetu, twaomba neno hilo lipimwe vizuri. Basi si sindano. Lilipakia abiria mjini, likapita katika barabara kuu usiku kucha, mbele ya macho ya watu waliolipwa mshahara kulitazama. Ikiwa halikuwa na kibali, basi swali halimwishii dereva. Swali lapanda juu kwa kila aliyelitazama likapita. Kuwajibika kwa serikali ndiko huko: si kutoa rambirambi tu baada ya msiba, bali kueleza ni nani aliyekuwa zamu kabla ya msiba.

Tena twakumbuka mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia. Gari la abiria 14 liliamriwa kuchukua abiria 8. Amri ile ilikuwa na sababu, nasi tuliitii. Lakini amri ilipunguza viti bila kusema neno juu ya nauli, hivyo hasara yote ikawekwa juu ya kichwa cha abiria. Nauli ilipopanda, ilipanda kwa siku moja. Iliporuhusiwa tena kujaza viti, mwezi Agosti 2021, ilishuka kwa kusuasua kama kobe, na mahali pengine haikushuka kabisa. Mweka hazina wetu aliyaona hayo kuliko mtu mwingine ye yote.

Sasa twende kwenye sheria, maana malalamiko pasipo sheria ni kelele za chura. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi hizi waziwazi. Serikali ya taifa imepewa barabara kuu, reli, na usimamizi wa jumla wa mwendo wa magari. Serikali ya kaunti imepewa barabara za kaunti, maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Basi barabara kuu ya Eldoret hadi Malaba ikiharibika, mlango wa kubisha ni wa taifa. Njia zetu za kaunti, za kutoka mashambani, zikikatwa na mvua, mlango ni wa Kakamega. Na atakayetuambia kwamba usafiri wa abiria si kazi ya kaunti, tumwonyeshe Jedwali hilo kwa adabu.

Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya ubora, ya kupewa habari, na ya kulindwa afya yake na mali yake. Na haki hizo zahusu huduma za serikali pamoja na za watu binafsi. Kifungu cha 47 chataka maamuzi ya ofisi yawe ya haki na ya busara, na mtu ambaye haki yake yaweza kuguswa apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeeleza namna yake. Ombi laandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika, ofisa yampasa kumwandikia. Na jibu latakiwa katika siku 21. Twarudia kwa ajili ya wazee wetu: kwa Kiswahili, na katika siku 21. Hakuna mzee humu awezaye kuambiwa kwamba hakusoma vya kutosha kuuliza.

Wala tusidhani kwamba twaomba sadaka. Kila mwenye kupanda gari amekwisha kulipa. Tangu sheria ya mwaka 1993 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa kutengeneza barabara, na mwezi Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Kwa kiwango hicho, gari likinunua lita 20 limechanga shilingi 500, na mwenye gari huzitoa katika nauli yetu. Bibi apelekaye kuku wawili sokoni amechangia barabara. Basi ana haki ya kuuliza mchango wake ulimwagwa wapi, kama vile ninyi mnavyomwuliza mweka hazina wetu leo.

Twatazame na majirani. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2019, ilianzisha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iitwayo LATRA. Mamlaka hiyo huweka nauli kikomo za mabasi, na kabla ya kuzibadili huwasikiliza wenye mabasi na abiria pia. Tena sheria hiyo hiyo iliunda baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri. Hatusemi kwamba abiria wa huko hana taabu. Twasema tu kwamba ana namba ya kuitaja na meza ya kuigonga. Kwetu nauli imeachwa kwa soko, na soko la sikukuu ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Nairobi, kila mmoja wenu alijua.

Lakini, ndugu wanachama, nyani haoni kundule. Kabla hatujamnyoshea mtu kidole, yatupasa kujitazama. Ni sisi tukubalio kuketi watu wanne mahali pa watatu kwa kuwa twaharakisha. Ni sisi tunaonyamaza utingo anapompa askari noti iliyokunjwa, kisha tukaulaumu ufisadi jioni tukiota moto. Humu ndani wamo wanachama wenye magari na wenye pikipiki, nao wana maneno yao ya haki: spea zimepanda bei, barabara yavunja springi, na faini zisizo na risiti ni nyingi. Hatukuja kuwafanya adui. Wao nao wanahitaji serikali inayojibu. Maana agizo la ghafula lisimamishalo magari humnyima abiria safari na humnyima mwenye gari chakula cha watoto wake siku iyo hiyo. Na vijana wetu wa bodaboda, waliongezeka sana tangu serikali ilipoondoa kodi juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, wao ndio waliotuvusha siku za taabu. Twawashukuru, ila twawaomba wasiigeuze taabu ya mtu kuwa mavuno.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo manne, tukiwaomba wazee wayapime.

La kwanza: chama kiwe na daftari la usafiri. Kila mara gari likikatika, iandikwe tarehe, saa, njia, nauli ya kawaida, nauli iliyodaiwa, na sababu tuliyoambiwa. Leo tukienda ofisini twasema "mara nyingi tunateseka," na ofisa hujibu kwamba hana habari. Tukienda na daftari, hana pa kukimbilia. Mali bila daftari huisha bila habari, na dhiki nayo ni vivyo hivyo.

La pili: wachaguliwe watu watatu, mmoja awe mama na mmoja awe kijana, waandike barua mbili kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016, moja kwa serikali ya kaunti na moja kwa wasimamizi wa barabara kuu. Barua ziulize mambo machache yaliyo wazi: njia zipi za upande wetu zimepangiwa matengenezo mwaka huu, kwa fedha kiasi gani, na ni ofisa wa cheo gani apaswaye kuwatangazia wananchi usafiri unapositishwa. Siku 21 zihesabiwe, na jibu, au ukosefu wa jibu, lisomwe katika mkutano ujao. Jibu lisipokuja, iko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria hiyo imeipa kazi ya kupokea malalamiko ya namna hii.

La tatu: tukutane na vyama vya wenye magari yapitayo hapa, tukiwa wageni wenye adabu, tuwaombe wabandike nauli mahali panapoonekana, na watupe taarifa kabla ya kuipandisha au kabla ya kugoma. Nasi tuahidi kwamba abiria wetu hawatalazimisha gari lililojaa.

La nne: hayo yote yakishindwa, tupeleke ombi rasmi kwa bunge la kaunti, maana Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imempa kila mwananchi haki hiyo. Twataka liende kwa amani na kwa sahihi zetu. Mwaka 2008 tuliona katika nchi yetu maana ya kuziba barabara na kung'oa reli kwa hasira. Aliyeumia kwanza hakuwa mkubwa wa ofisi. Alikuwa mgonjwa, mkimbizi na mtoto. Hatutaidai njia kwa kuifunga njia.

Bwana Mwenyekiti, tumalizie kwa yule mama wa asubuhi ya mgomo. Alipata tarehe nyingine, akaenda, na kwa rehema za Mungu yuko nasi. Lakini kuponea kwake hakukuwa kazi ya mtu ye yote aliyepaswa kuifanya. Kulikuwa bahati, na bahati haiwekwi katika bajeti. Sisi hatuombi magari ya dhahabu. Twaomba tujue gari litakuja saa ngapi, kwa nauli gani, na lisipokuja, tujue jina la ofisi itakayotuambia sababu. Daftari tayari limenunuliwa, liko mezani mbele ya katibu, na ukurasa wake wa kwanza bado ni mweupe. Twaomba mkutano ukubali liandikwe kuanzia leo, na mama huyo, akiridhia, awe wa kwanza kusimulia.